Watunzi wa muziki wa filamu za kutisha: wanabuni au wanaazima?

Mtazamaji wa Mwanza

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo limekuwa likinisumbua, na nitafurahi zaidi nikijibiwa na wale wanaopiga ala au wanaofanya kazi ya filamu.

Wengi wetu tukitazama filamu ya kutisha huchukulia kwamba muziki wa okestra tunaousikia umetungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Kwamba yupo mtunzi aliyekaa mbele ya picha, akaona mlango unafunguka polepole, akaandika noti za kumfanya mtazamaji akamate kiti. Sasa nimesikiliza Polymorphia, kazi ya ala 48 za nyuzi iliyotungwa mwaka 1961 na Krzysztof Penderecki wa Poland. Haikutungwa kwa ajili ya filamu yoyote. Penderecki alichukua michoro ya mawimbi ya ubongo iliyorekodiwa kwa wagonjwa waliokuwa wakisikiliza kazi yake ya awali, akaigeuza mistari ile kuwa mistari ya sauti, zikipanda na kushuka bila kutua kwenye noti unayoweza kuiimba. Niliitambua mara moja, kwa sababu vipande vyake vimo katika The Exorcist ya mwaka 1973 na vimo pia katika The Shining ya mwaka 1980. Waongozaji ni wawili tofauti na hadithi hazihusiani, lakini muziki ni uleule, na wote wawili waliukuta umekwisha kuandikwa.

Ndipo ninapouliza: ikiwa sauti zinazotutisha kuliko zote zilitoka kwenye kumbi za matamasha, ubunifu wa mtunzi wa filamu uko wapi? Na mtunzi aliyeajiriwa anapoandika nyuzi zinazolia kwa namna ya Penderecki, je, ametunga, au amelipwa aigize kazi ya mwenzake kwa sababu ile halisi ina gharama za hakimiliki? Siulizi kwa nia ya kumvunjia mtu heshima. Nauliza kwa sababu naupenda muziki huu, na ningependa kujua ni nani hasa wa kushukuriwa.

Fidla ya Ng'ambo

Ndugu Mtazamaji, umeuliza swali la haki. Mimi ni mpiga fidla wa taarabu hapa Unguja, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa mikono, maana ubunifu mwingi katika muziki huu uko kwenye mkono wa kulia, ule unaoshika upinde.

Tuanze na Psycho ya mwaka 1960, muziki wa Bernard Herrmann. Filamu ile ilitengenezwa kwa takribani dola 800,000, kiasi kidogo kwa mwongozaji mwenye jina kama Alfred Hitchcock, na Herrmann akaamua kutumia ala za nyuzi peke yake: hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, hakuna zumari. Alieleza baadaye kwamba kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, alitaka sauti nayo iwe nyeusi na nyeupe. Hitchcock alikuwa ameagiza kwamba tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki wowote. Herrmann aliandika hata hivyo, akamsikilizisha, na Hitchcock akabadili uamuzi wake.

Sasa sikiliza jambo ambalo mpigaji huliona upesi kuliko mtazamaji. Karibu filamu nzima nyuzi zimefungwa kizimio, yaani kile kibanio kidogo kinachopachikwa juu ya daraja la fidla, yaani kibao kinachoziinua nyuzi, ili kuififisha sauti. Muziki wa mwanamke akiendesha gari kwenye mvua, muziki wa nyumba kilimani, wote unatoka ukiwa umebanwa, kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Bafuni vizimio vinaondolewa. Fidla zinaingia juu kabisa, noti moja ikirudiwarudiwa kwa upinde mkali, kisha kundi jingine linaingia na noti inayogongana na ile ya kwanza, na jingine tena, hadi mgongano umejaa kutoka juu hadi chini. Ukali unaousikia umetokana na takribani robo tatu ya saa ya kuzoezwa sauti iliyobanwa, kisha kuachiwa ghafla. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kunakili ukurasa wa mtu, kwa sababu unahitaji kuijua filamu nzima na kujua dakika gani ya kufungua.

Nitaongeza jambo ambalo huenda likaonekana kuniumbua. Baadhi ya vipande vya Psycho Herrmann alivitoa katika Sinfonietta ya nyuzi aliyoitunga mwenyewe katikati ya miaka ya 1930, ambayo ilikuwa kazi ya ukumbini. Kwa hiyo hata yeye aliazima, ila aliazima kwake. Na mwaka 1975, akirekodi Taxi Driver, kazi aliyoimaliza saa chache kabla ya kufariki, aliweka mwishoni noti tatu za wazimu kutoka Psycho.

Kuhusu Penderecki, kumbuka kwamba Threnody yake kwa wahanga wa Hiroshima, kwa ala 52 za nyuzi, ni ya mwaka uleule wa 1960. Mmoja Hollywood, mwingine Poland, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Wote wawili walifika mahali ambapo fidla inaacha kuimba na kuanza kupiga kelele, lakini kwa njia mbili. Herrmann ana noti zinazojulikana na mapigo ya kuhesabika. Ukitaka unaweza kuzigonga kwenye meza. Penderecki anaziyeyusha noti: anaagiza upinde upite nyuma ya daraja, kule ambako kwa kawaida hakuna anayepiga, anaagiza kiganja kigonge mwili wa ala, anaagiza kila mpigaji atafute noti ya juu kuliko zote anazoweza kufikia, hivyo wapigaji 52 wanatoa noti ambazo hata mtunzi hakuziandika majina. Watunzi waliofuata wamerithi njia hizi mbili, na sioni aibu katika kurithi. Ninachomuuliza mtunzi wa leo ni kama anajua kwa nini anamwomba mpigaji apite nyuma ya daraja, au anaomba tu kwa sababu ndivyo filamu za kutisha zinavyosikika.

Mhariri Kinondoni

Nimefurahia sana maelezo ya Fidla ya Ng'ambo, hasa hilo la vizimio. Naomba nieleze upande wa chumba cha uhariri, kwa sababu naamini lawama nyingi wanazobebeshwa watunzi hazikuwahusu tangu mwanzo.

Filamu haihaririwi kwa ukimya. Kabla mtunzi hajaandika chochote, na mara nyingi kabla hajaajiriwa, mhariri huweka chini ya picha muziki wa muda kutoka rekodi zilizokwisha kutolewa, ili mwongozaji na watayarishaji waone mwendo wa filamu. Katika filamu za kutisha muziki huo wa muda mara nyingi ni wa watunzi wa ukumbini kama Penderecki, Ligeti na Bartók, au muziki wa filamu nyingine iliyofanikiwa. Mwongozaji anaitazama filamu ikiwa na muziki huo mara nyingi mno. Kufikia siku mtunzi anapoingia, mwongozaji ameshauzoea muziki wa muda kiasi kwamba kingine chochote kinamsikikia kama kosa. Hapo mtunzi anaambiwa aandike kitu kinachofanana na kile lakini kisiwe kile. Huyo ndiye mtu ambaye baadaye tunamhukumu kwa kukosa ubunifu.

Kielelezo kizuri ni Alien ya mwaka 1979. Jerry Goldsmith, aliyekuwa amepata Oscar yake pekee kwa The Omen ya mwaka 1976, aliandika muziki kamili wa okestra kwa ajili ya filamu ile. Mhariri Terry Rawlings alikuwa ameweka kwa muda muziki wa Goldsmith huyohuyo kutoka filamu ya zamani, Freud ya mwaka 1962, na mwongozaji Ridley Scott akaupenda. Matokeo yake, katika baadhi ya matukio muziki mpya uliondolewa na ule wa Freud ukabaki, na mwishoni kabisa pakawekwa kipande cha Simfoni ya Pili ya Howard Hanson, ya mwaka 1930. Mtu alibuni, akashindwa na ubunifu wake mwenyewe wa miaka 17 nyuma.

The Exorcist aliyoitaja Ndugu Mtazamaji ina historia inayokaribiana na hiyo. Lalo Schifrin aliajiriwa kuandika muziki wake, mwongozaji William Friedkin akaukataa, na mahali pake pakajazwa na kazi za watunzi wa ukumbini Penderecki, Webern na George Crumb, pamoja na ufunguzi wa Tubular Bells ya Mike Oldfield, ambayo sasa watu wengi duniani huidhania kuwa ilitungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Mwaka 1968 Alex North alikwenda kutazama filamu ya Stanley Kubrick ya safari ya anga za juu, 2001: A Space Odyssey, ambayo alikuwa ameiandikia muziki, na akagundua akiwa kitini kwamba hakuna hata noti yake moja iliyobaki.

Kwa hiyo nikiulizwa ubunifu uko wapi, jibu langu ni kwamba mara nyingi ulikuwepo na ukatupwa. Nimewahi kukaa na mtayarishaji aliyemchezea kijana mtunzi muziki wa filamu ya Kimarekani, akamwambia asihangaike kufikiri, amletee huo huo wenye tofauti kidogo tu. Kijana yule alikuwa na wazo zuri la sauti ya mwanamke mmoja tu bila ala yoyote, na halikusikilizwa.

Mwalimu wa Kwaya, Moshi

Wanangu, ninawasoma kwa makini, na ninaomba kutofautiana na Mhariri katika jambo moja. Anazungumza kana kwamba muziki uliochukuliwa ukumbini huingia kwenye filamu ukiwa tayari una hofu ndani yake, na mhariri akauweka tu. Sivyo ilivyo.

Katika The Shining, sehemu ya mwisho, baba akiwa na shoka anaisaka familia yake, tunasikia vipande vya Utrenja. Kazi hiyo ya Penderecki, ya miaka ya 1970 na 1971, ni muziki wa ibada. Imejengwa juu ya sala za alfajiri za Kanisa la Kiorthodoksi: sehemu ya kwanza ni maziko ya Kristo, sehemu ya pili ni ufufuko wake, na kinachosikika katika filamu kinatoka kwenye ufufuko. Wale waimbaji wanaopaza sauti kama wanaoungua wanatangaza habari njema ya Pasaka kwa Kislavoni cha kale. Kwa mtu niliyefundisha nyimbo za Pasaka sehemu kubwa ya maisha yangu, jambo hilo linaniuma, na siwezi kulificha. Lakini pia linanifundisha kwamba hofu haikuwa ndani ya noti. Kubrick, mwongozaji wa filamu hiyo, na mhariri wake wa muziki, Gordon Stainforth, waliziweka sauti zile dhidi ya picha, mkato kwa mkato, na maana yake ikageuka kabisa. Kazi hiyo nayo ni utunzi wa aina yake, ingawa aliyeifanya hakuandika noti.

Na kuazima huku ni kwa zamani kuliko filamu zenyewe. Ufunguzi wa filamu hiyohiyo, gari likipanda mlimani, ni Dies irae, wimbo wa Misa ya wafu wa karne ya 13, uliopigwa na Wendy Carlos na Rachel Elkind kwa sinthesaiza na sauti za mdomo. Lakini Carlos na Elkind hawakuwa wa kwanza kuutumia kutisha. Hector Berlioz aliuweka katika sehemu ya mwisho ya Symphonie fantastique mwaka 1830, pale wachawi wanapokusanyika usiku, akaupa ala nzito za kupuliza huku kengele zikilia. Waliosali kwa wimbo ule makanisani waliuimba kwa kumlilia Mungu awahurumie. Berlioz alichukua kilio hicho akakiweka mikononi mwa wachawi, na tangu hapo haukupumzika tena. Noti zake nne za mwanzo zimesikika katika filamu nyingi kiasi kwamba mtazamaji ambaye hajawahi kuhudhuria Misa ya wafu hata mara moja huzitambua kama ishara ya kifo.

Je, tumwite Berlioz mwizi? Mimi simwiti. Nampima kwa kile alichokifanya baada ya kuchukua.

Mtazamaji wa Mwanza

Shikamoo Mwalimu. Nimelisoma hilo la Utrenja na kulitafakari sana.

Naomba niongeze swali dogo, kwa sababu liko pale pale. Waandaaji wa tuzo za Oscar wanadai muziki uwe umetungwa mahsusi kwa filamu. Nino Rota aliteuliwa kwa The Godfather, kisha uteuzi ukaondolewa ilipobainika kwamba alikuwa ametumia tena muziki wake wa filamu ya mwaka 1958, Fortunella. Jonny Greenwood naye alizuiwa kwa There Will Be Blood ya mwaka 2007 kwa sababu alitumia sehemu za kazi yake ya ukumbini, Popcorn Superhet Receiver, ambayo yenyewe aliitunga kwa kuvutiwa na Penderecki. Kwa kipimo hicho, na kwa ile Sinfonietta aliyoitaja Fidla ya Ng'ambo, Herrmann angesimama wapi?

Mhariri Kinondoni

Hakupata nafasi ya kupimwa. Psycho iliteuliwa katika vipengele vinne, na muziki haukuwa miongoni mwa hivyo.

Ukitaka kuona kipimo hicho kinavyoyumba, fuatilia The Thing ya mwaka 1982. Muziki wa Ennio Morricone kwa filamu ile uliteuliwa kwa Razzie, tuzo ya kazi mbovu kuliko zote za mwaka. Baadhi ya vipande alivyoviandika havikutumika katika filamu. Vipande hivyo vikaingia katika The Hateful Eight ya mwaka 2015 pamoja na muziki mpya aliouandika, na mwaka 2016 Morricone akapokea kwa filamu hiyo Oscar ya muziki uliotungwa mahsusi, akiwa na miaka 87.

Msomaji wa Mombasa

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwenu nyote kaka zangu. Nimesubiri mtu aitaje Get Out ya mwaka 2017, nikaona hakuna, wakati filamu ile imefunguliwa kwa lugha hii tunayoiandika hapa.

Baada ya kijana wa Kimarekani mweusi kutekwa barabarani usiku, picha inahamia kwenye miti inayopita kando ya gari, na kwaya inaanza kunong'ona na kuimba kwa Kiswahili: Sikiliza Kwa Wahenga. Sauti zile zinamwonya mhusika mkuu, kijana mwingine mweusi, kama ndugu yao, akimbie, ajiokoe. Yeye hazielewi, na wengi waliokuwa ukumbini Marekani hawakuzielewa. Mimi nilizielewa, na hofu niliyoipata haikuwa ile ya mtu anayesikia lugha ngeni gizani. Nilijua kijana yule anaambiwa nini tangu dakika za mwanzo, na sikuwa na namna ya kumfikishia.

Aliyeutunga ni Michael Abels, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiandikia okestra za ukumbini na hajawahi kutunga muziki wa filamu ndefu. Mwongozaji Jordan Peele alimpata kwa kusikiliza kazi yake moja ya okestra, Urban Legends, kwenye YouTube. Peele alitaka sauti za Watu Weusi, lakini zisiwe na lile tumaini ambalo muziki wao huwa nalo hata unapokuwa wa huzuni. Ukiusikiliza muziki wa Abels katika sehemu nyingine za filamu utazikuta nyuzi za kutetemeka ambazo Fidla ya Ng'ambo angezitambua mara moja kuwa ni za ukoo wa Herrmann. Hazinisumbui. Hakuna filamu ya kutisha kabla ya hiyo ninayoijua ambayo iliwapa wafu kazi ya kumlinda aliye hai, na kazi hiyo ikafanywa na kwaya peke yake, bila picha ya mzimu hata mmoja.

Miaka miwili baadaye, katika Us, filamu nyingine ya Peele, Abels aliazima mchana kweupe. Alichukua I Got 5 on It, wimbo wa Luniz wa mwaka 1995 ambao familia ya kwenye filamu inausikiliza kwa furaha ndani ya gari, akaupanga upya kwa okestra kwa ajili ya pambano la mwisho kati ya mwanamke na pacha wake wa chini ya ardhi. Kila mtazamaji alijua umetoka wapi, na ndiyo sababu ulifanya kazi: mwanzoni ulikuwa wao, mwishoni ulikuwa wa yule mwingine.

Naomba nimuulize Fidla ya Ng'ambo: wimbo ule wa mtaani una mstari wa besi unaojulikana mno. Ukihamishiwa kwenye nyuzi, mtunzi hufanya nini ili usisikike kama burudani ya harusini?

Fidla ya Ng'ambo

Dada yangu wa Mombasa, ahsante kwa hilo la kwaya.

Sikiliza mwanzo wa pambano lile: nyuzi nyingi zinadonolewa kwa kidole badala ya kupigwa kwa upinde. Mdonoo hauna mkia. Ukishasikika umekwisha, na baina ya mmoja na mwingine kuna utupu. Kwenye harusi tunaujaza utupu ule kwa ngoma na kwa gambusi, ndipo watu wanacheza. Abels anauacha wazi. Wimbo wa asili una mdundo unaoubeba mwili wako; yeye ameuondoa mdundo akabakiza mifupa ya mstari, na kwa kuwa unaujua, kichwa chako kinaendelea kuupiga mdundo ambao haupo. Kisha pinde zinaingia kwa mikato mifupi mikali, palepale visu vinapokatiza hewani, na wanaopigana wanasogea kana kwamba wamefundishwa dansi moja na mwalimu mmoja.

Ndugu Mtazamaji, ukipata nafasi ukisikilize kipande hiki kwa spika nzuri kikifuatana na kile cha bafuni cha mwaka 1960, picha ikiwa imezimwa. Utamsikia Herrmann ndani ya Abels katika zile pinde fupi. Katika midonoo ile iliyoachiwa utupu, mimi mwenyewe simsikii mtu mwingine ila Abels.